Leseni ya bangi na mkulima wa nusu ekari: majibu kwa wasomaji wa Arusha na Moshi

Tangu tulipochapa habari fupi kuhusu nchi zilizoruhusu kilimo cha bangi, barua zimekuwa zikiingia kutoka Arumeru, Hai na Moshi, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: sheria ikifunguliwa, mkulima mdogo atapata riziki, au mali yote itakwenda kwa wenye mitaji? Tumechagua barua tatu. Kabla ya majibu, ieleweke kwamba Tanzania haijaruhusu. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima, kumiliki, kusafirisha na kuuza bangi, na adhabu zake ni nzito. Hakuna neno katika ukurasa huu linalomshauri mtu apande hata mche mmoja.

Swali: Mmea ni uleule, kwa nini mdogo ashindwe?

Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mkulima wa kahawa na ndizi upande wa Usa River, nina ekari moja na nusu niliyorithi kwa marehemu baba. Kijana wangu mkubwa anaishi Kanada, na alipokuja likizo alitusimulia kwamba kule bangi inauzwa dukani kwa risiti tangu mwaka 2018. Vijana wa hapa wamelishika jambo hilo kwa mikono miwili. Wanasema siku ikiruhusiwa kwetu watang'oa kahawa, kwa sababu udongo wa Meru unaotesha kila kitu. Lakini kijana wangu huyohuyo anasema wakulima wadogo wengi wa kule wamefilisika. Kama mmea ni uleule na ardhi ni ileile, ni kitu gani kinachomshinda mkulima mdogo?
*Mzee wa Usa River, Arumeru*

Jibu

Shikamoo, mzee wetu. Kijana wako amekueleza kweli, na swali lako la mwisho ndilo lenye uzito, kwa hiyo tutalijibu kwa kirefu.

Kuotesha bangi si kazi ngumu kuliko kutunza kahawa, na shida inaanzia hapo. Pale mmea unapokatazwa, bei yake hubebwa na hatari: mnunuzi hulipia maficho, safari ya usiku na uwezekano wa kukamatwa. Hatari hiyohiyo humweka mbali mwenye mtaji mkubwa, kwa kuwa hakuna benki itakayomkopesha wala kampuni ya bima itakayomkatia bima. Sheria inapofunguliwa, mambo hayo mawili hugeuka kwa pamoja. Bei huanza kushuka, na mwenye mtaji aliyekuwa akiogopa huingia. Mkulima mdogo hujikuta akiuza kitu kilekile kwa bei ndogo, mbele ya mshindani ambaye jana hakuwepo, na juu ya hayo anadaiwa leseni, uzio na vipimo ambavyo hakuwahi kuvigharamia.

Mahali ambapo haya yameonekana waziwazi ni California, Marekani. Kaskazini mwa jimbo hilo kuna maeneo matatu ya milima na misitu, Humboldt, Mendocino na Trinity, ambako familia nyingi zimeishi kwa zao hili kwa miongo kadhaa. Novemba 2016 wapigakura walipitisha Pendekezo namba 64, la kuhalalisha bangi, na mauzo halali yakaanza tarehe 1 Januari 2018. Wakulima wadogo waliahidiwa kinga: kwa miaka mitano ya mwanzo isitolewe leseni ya shamba linalozidi ekari moja. Ahadi ilikuwa nzuri, lakini kanuni zilizotolewa Novemba 2017 hazikuweka kikomo cha idadi ya leseni ndogo ambazo mtu mmoja angeweza kushika. Mwenye fedha akachukua leseni ndogo nyingi, akaziunganisha katika uwanja mmoja, na shamba kubwa likawa limezaliwa ndani ya sheria iliyotungwa kulizuia. Zikaingia pia kampuni zilizochukua mabanda ya vioo yaliyokuwa yakioteshwa nyanya na maua kusini mwa jimbo, karibu na barabara kuu na karibu na wanunuzi, na mkulima wa milimani hakuwa na namna ya kushindana na gharama zao kwa kilo.

Hata hivyo, mimi naamini kilichowaumiza wengi zaidi ni namna kodi ilivyowekwa. Jimbo lilianza kwa kutoza dola 9.25 kwa kila aunsi ya maua makavu, sawa na dola 148 kwa ratili (karibu nusu kilo), na kodi hiyo ilifuata uzito, haikufuata bei. Ratili ilipokuwa ikiuzwa kwa zaidi ya dola 1,000, mzigo ulibebeka. Mwaka 2021 bei ya bangi iliyolimwa nje iliporomoka hadi dola mia chache, na Januari 2022, wakati mkulima ameshika kichwa, kodi ikapandishwa kidogo ili kuendana na mfumuko wa bei. Ilikuja kufutwa Julai 2022, na wakati huo wengi walikuwa wamekwisha kuacha mashamba au wamerudi kuuza kwa siri. Ukisikia siku moja kwamba zao lolote jipya linatungiwa sheria, mzee wetu, uliza kwanza kama ushuru utatozwa kwa kilo au kwa bei aliyolipwa mkulima.

Kanada, anakoishi kijana wako, ilifungua soko tarehe 17 Oktoba 2018. Huko serikali iliweka leseni maalumu ya mkulima mdogo yenye kikomo cha mita za mraba 200 za mimea, eneo ambalo ni dogo kuliko viwanja vingi vya nyumba hapa Arusha, na mwaka 2025 ndipo kikomo kikapandishwa hadi mita 800. Tangu Mei 2019 mwombaji alitakiwa awe amemaliza kujenga eneo lake lote, pamoja na ulinzi, kabla hata ya kupeleka maombi. Fikiria mtu anayekopa, anajenga, anafunga kamera, kisha anakaa kusubiri jibu huku riba ikiendelea kuhesabiwa. Ushuru wa serikali nao ni dola moja ya Kanada kwa gramu au asilimia 10 ya bei, kiasi kilicho kikubwa ndicho kinachotozwa. Bei ya jumla iliposhuka, dola hiyo moja ikawa sehemu kubwa mno ya pato.

Haki inataka tuseme kwamba wakubwa nao waliumia. Kampuni ya Canopy Growth, ambayo mwaka 2018 ilipata mabilioni ya dola kutoka kwa kampuni ya vinywaji ya Constellation Brands, ilifunga mwaka 2023 makao yake katika mji wa Smiths Falls, yaliyokuwa ndani ya kiwanda cha zamani cha chokoleti. Ila kampuni kubwa inapoanguka, fedha iliyopotea ni ya wenye hisa na wadai, wakurugenzi wake wanakwenda kutafuta kazi nyingine, na mashine zinapigwa mnada. Mkulima mwenye ekari moja na nusu akianguka, kilichokuwa dhamana benki ni shamba la baba yake.

Sasa turudi kwenye udongo wa Meru, ambao vijana wako wanausifu. Soko halali la dawa, hasa lile la Ulaya, hununua karatasi za maabara kabla halijanunua maua. Bangi ni mmea unaovuta metali nzito kutoka ardhini, kwa hiyo hupimwa risasi, kadimiamu na zebaki. Hupimwa ukungu, mabaki ya viuatilifu, na kiwango cha kemikali zake, ambacho kinatakiwa kilingane kutoka mavuno hadi mavuno. Mbegu ya kienyeji iliyopandwa chini ya migomba haiwezi kutoa ulinganifu huo, hata ikiota vizuri namna gani. Tena kwetu huku, karibu na Ikweta, mchana na usiku vinalingana karibu mwaka mzima, na aina nyingi za kisasa huanza kutoa maua mapema, zikiwa bado fupi, usiku unapokuwa mrefu kiasi hicho. Mkulima wa kibiashara hulazimika kuwasha taa ili kuuongeza mchana, kama yanavyofanya mashamba ya vipandikizi vya maua, ambayo mabanda yake huonekana yakiwaka usiku. Umeme huo, nailoni ile na maji yale ya matone ni mtaji ambao watu wa Usa River wanaujua kwa macho, kwa sababu wameajiriwa ndani ya mabanda hayo, wachache sana wakiwa ni wenye mabanda.

Barani kwetu hali haijatofautiana. Lesotho, ambako wakulima wa milimani wamelima zao hili vizazi na vizazi wakiuza Afrika Kusini, ilikuwa ya kwanza Afrika kutoa leseni za bangi ya dawa, mwaka 2017, na leseni hizo zikaenda kwa kampuni zenye wawekezaji wa nje. Zimbabwe mwaka 2018 iliweka ada ya dola 50,000 kwa leseni. Afrika Kusini ilifuata njia nyingine: tarehe 18 Septemba 2018 Mahakama ya Katiba iliruhusu mtu mzima kulima na kutumia faraghani, bila kuruhusu biashara. Hukumu hiyo iliwapunguzia watu wengi kero ya polisi, na hilo si jambo dogo, lakini wakulima wa Mpondoland, katika jimbo la Rasi ya Mashariki, walijikuta wanunuzi wao wa mjini wanaotesha ya kwao au wananunua ile kali ya ndani ya mabanda, huku wao wenyewe wakiwa hawana leseni ya kuuza. Walivumilia miaka ya helikopta za polisi zikinyunyizia dawa mashamba yao, na uhuru ulipokuja ukawakuta nje ya mlango.

Kahawa yako, mzee wetu, iache ardhini.

Swali: Babu zetu walikataliwa kahawa wakaunda ushirika, je, hapa ushirika hausaidii?

Ndugu Mhariri, mimi ni mama mkulima wa Machame na ni mwanachama wa chama chetu cha msingi cha kahawa. Bangi siipendi na sitaki wanangu waiguse. Lakini tangu utoto tumesimuliwa kwamba walowezi hawakutaka Wachaga walime kahawa, na kwamba ushirika ndio uliotufikisha sokoni. Naomba kujua kama kuna nchi iliyotunga sheria ya zao hili ikimtanguliza mkulima mdogo, na kama ushirika ulisaidia huko. Nauliza kwa sababu nadhani jibu linahusu hata parachichi na vanila tunazohimizwa kulima sasa.
*Mama wa Machame, Wilaya ya Hai*

Jibu

Mama yetu, umeuliza kama mtu aliyekaa katika mikutano mingi ya ushirika, na tunakushukuru.

Nchi iliyokaribia zaidi ni Moroko. Mwaka 2021 ilitunga sheria namba 13-21, inayoruhusu kilimo cha bangi kwa ajili ya dawa na viwanda katika majimbo matatu tu ya milima ya Rif: Al Hoceima, Chefchaouen na Taounate. Majimbo hayo ndiyo yaliyokuwa yakilima kwa siri miaka yote. Sheria inataka mkulima awe mkazi wa huko, na inataka auze kupitia ushirika wenye mkataba na kiwanda chenye leseni. Kwa hiyo mwenye mtaji kutoka Casablanca anaweza kujenga kiwanda, lakini hawezi kwenda kulima mwenyewe na kumwacha mkulima wa Rif akimtazama. Mavuno ya kwanza halali, ya mwaka 2023, yalifika karibu tani 294. Agosti 2024 Mfalme Mohammed wa Sita aliwasamehe watu zaidi ya 4,800 waliokuwa wamehukumiwa au wakitafutwa kwa sababu ya kilimo hicho. Msamaha huo una maana kubwa kuliko unavyoonekana. Katika nchi nyingi, mtu aliyewahi kufungwa kwa bangi ananyimwa leseni ya bangi, hivyo wale wanaoujua mmea kuliko wote ndio wanaofungiwa nje, na nafasi yao inachukuliwa na mtu ambaye hajawahi kuushika.

Tusiipambe Moroko kupita kiasi. Wakulima waliojiunga mwanzoni walikuwa mamia tu, katika eneo lenye makumi ya maelfu ya familia zinazotegemea zao hilo, na biashara ya magendo haijakoma. Lakini mlango ulifunguliwa upande wa mkulima, na jambo hilo liliandikwa kwenye sheria yenyewe kabla ya leseni ya kwanza kutolewa.

Kolombia ilijaribu kwa njia ya mgawo: kampuni yenye leseni ya kusindika hutakiwa kununua angalau asilimia 10 ya malighafi yake kwa wakulima wadogo na wa kati. Ni wazo zuri, ila asilimia 10 ya kampuni isiyopata soko ni sawa na bure, na kampuni nyingi za huko zimepata shida ya kuuza. Jamaika, iliyolegeza sheria mwaka 2015, iliweka daraja la leseni kwa shamba lisilozidi ekari moja, lakini mwenye leseni bado anadaiwa uzio, ulinzi na kumbukumbu za maandishi, na malalamiko ya wakulima wa jadi, wakiwemo Marasta waliofungwa kwa ajili ya mmea huo, hayajaisha mpaka leo.

Kuhusu historia yetu, kumbukumbu mliyosimuliwa ina ukweli. Chama cha wakulima Wenyeji wa Kilimanjaro kiliundwa mwaka 1925, wakati walowezi wakipinga Waafrika kulima kahawa ya arabika, na mwaka 1933 kikarithiwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro. Ushirika ule ulifanya kazi kwa sababu ulikusanya kahawa ya vihamba vingi vidogo ikawa mzigo mmoja mkubwa wenye ubora unaojulikana, na mnunuzi akalazimika kuzungumza na meza moja. Hakuna aliyemtaka mwenye kihamba ajenge kinu chake mwenyewe ndipo aruhusiwe kupanda. Huo ndio mgawanyo wa kazi ambao sheria za Kanada na California zilishindwa kuuona. Zilimtaka kila mkulima, hata wa robo ekari, awe kiwanda kamili chenye ghala, ulinzi, vipimo na mfumo wa kufuatilia kila mche.

Ndiyo maana nakubaliana nawe kwamba swali hili linayahusu mazao mengine. Kabla ya kutia saini mkataba wa parachichi au vanila, chama chenu kiulize nani analipia vipimo, nani anamiliki ghala la baridi, nani anabeba hasara mzigo ukikataliwa bandarini, na kama mnunuzi anaruhusiwa kulima mwenyewe zao lilelile jirani nanyi. Likitokea hilo la mwisho, mwaka wa bei mbaya atamaliza ya kwake kwanza, na yenu itasubiri uani.

Swali: Tunaandikishwa kwa ajili ya hempu, tukubali?

Ndugu Mhariri, kuna watu wamepita kwetu Himo wakisema wanaandikisha wakulima wa hempu, ile bangi isiyolevya, na kwamba kibali kiko njiani. Wanachukua ada ya kujiandikisha na kutujazisha fomu yenye namba ya shamba na sahihi. Wanasema Marekani hempu imewatajirisha wakulima. Naomba ushauri wa haraka.
*Kijana wa Himo, Moshi Vijijini*

Jibu

Kijana wetu, usitoe fedha.

Ni kweli kwamba sheria ya kilimo ya Marekani ya mwaka 2018 ilitenganisha hempu na bangi, kwa kigezo kwamba kemikali inayolevya, THC, isizidi asilimia 0.3. Lakini kilichofuata hakikuwa utajiri. Mwaka 2019 wakulima wengi walikimbilia kupanda kwa ajili ya mafuta ya CBD, kemikali nyingine ya mmea huo isiyolevya, mavuno yakazidi viwanda na wanunuzi, bei ikaanguka, na wapo walioachwa na marobota ghalani baada ya wasindikaji waliowaahidi kununua kufilisika. Zaidi ya hapo, shamba ambalo mimea yake ilivuka kigezo hicho kidogo ilipopimwa lilitakiwa kuteketezwa, hata kama mkulima alinunua mbegu akiamini ni salama.

Kwa hapa nchini, kibali cha zao la jamii ya bangi hakiwezi kutolewa na mtu anayepita nyumba kwa nyumba. Mwenye kauli ni Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ambayo imekwisha kufanya operesheni za kufyeka na kuteketeza mashamba katika Arumeru, na askari anayekuta mche shambani hana kipimo cha THC mfukoni. Waliokwisha kutoa ada wapeleke stakabadhi zao kituo cha polisi, wakiongozana na mwenyekiti wa kijiji. Fomu hiyo usiijaze hata ukiambiwa ada imefutwa, kwa sababu inabeba namba ya shamba la familia yenu na sahihi yako ya kukubali zao hilo lilimwe humo, na kwa sheria ya 2015 mwenye ardhi anayeruhusu shamba lake litumike kwa kosa hilo anashtakiwa pia.